Saini ya Asubuhi

Siku theluji ya kwanza ilipoanguka Bishkek, mji wetu mkuu huku Asia ya Kati, mwaka 2004, nusu ya mji ilikimbilia soko la makontena kununua buti, kana kwamba baridi haijawahi kuja tangu dunia iumbwe. Sisi ndivyo tulivyo. Mwezi mzima tunaangalia mawingu tunasema bado, bado, halafu siku moja wote tunagombania jozi moja.

Muuza buti alikuwa ametandaza kipande cha boksi juu ya tope la theluji ili wateja wasimame hapo wakijaribu viatu. Boksi moja, wateja wawili. Burul alisimama kwa mguu mmoja, koti lake jekundu la sufu limefungwa mkanda kiunoni, kofia ya manyoya imemshukia machoni, anapigana na zipu ya buti jeusi lisilokuwa la mguu wake. Nyuma yake kijana mrefu mwenye miwani alikuwa ameshavua viatu vyote viwili anasubiri zamu. Soksi yake moja ilikuwa na tundu, na kidole gumba kinachungulia nje.

Burul akayumba. Akashika kitu cha kwanza alichokipata, nacho kilikuwa mkono wa yule kijana.

"Samahani, baike," alisema, kwa heshima tunayompa kaka mkubwa.

"Shika tu. Mimi sina pa kwenda, sina viatu."

Burul alitazama chini. "Kidole chako kinapata baridi."

"Kimezoea. Hicho ni kidole cha upinzani."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi ni mwangalizi wa uchaguzi. Tuna kashirika ketu, tunafundisha watu kulinda kura. Naitwa Melis."

Burul alicheka mpaka muuza buti akageuka. Kwetu kila mtu anajua jina hilo lilitoka wapi: wazee walichukua herufi za mwanzo za Marx, Engels, Lenin na Stalin, wakampachika mtoto.

"Yaani mlinzi wa demokrasia ndiye anabeba mizee yote minne?"

"Nilikuwa na umri wa siku mbili. Sikuulizwa."

"Ungekataa."

"Nililia sana, wakadhani nina njaa. Dada, hizo buti zinakubana."

"Hazinibani."

"Zinakubana. Uso umeshaanza kubadilika."

"Nimesema hazinibani," akajibu Burul, akazinunua palepale kwa ukaidi tu, na zikamtesa mpaka masika. Lakini siku ile aliondoka nazo anachechemea huku Melis akimshika kiwiko, na kabla hawajafika kwenye geti la soko alikuwa ameshampa namba ya simu.

Basi ikawa simu kutwa. Asubuhi kabla ya kazi Melis anambipu mara mbili, maana yake nimeamka nakuwaza. Burul anambipu mara moja, maana yake nimesikia, kunywa chai. Jioni wanaongea mpaka salio linakata katikati ya neno.

"Roho yangu, umekula?"

"Nimekula tambi za lagman. Wewe?"

"Nimekula hotuba. Mkutano umechukua saa tano."

"Mmeamua nini?"

"Tumeamua tukutane tena Jumanne."

"Demokrasia yenu inanenepesha viti."

Burul alifundisha jiografia katika shule moja ya pembezoni mwa mji, akiishi na mama yake, Batma, mwalimu mstaafu, ghorofa ya tano kwenye fleti ya shule. Na hii fleti lazima niieleze, ingawa kila nikiikumbuka napandwa na hasira. Mwaka 1992 serikali iliwaambia watu wajimilikishe nyumba walizokuwa wakiishi. Jengo zima likaenda kupanga foleni. Batma hakwenda. Alisema Muungano wa Kisovieti utarudi, na ukirudi utauliza nani alichukua mali yake. Muungano haukurudi. Majirani wakawa na hati, wakauza, wakahama, na Batma akabaki kwenye fleti ya shule, na shule ilikuwa mikononi mwa mwalimu mkuu, Raikan-eje, eje ikiwa heshima ya dada mkubwa.

Raikan alikuwa mama mwenye nywele zilizopulizwa dawa mpaka zinasimama zenyewe, na pini kubwa ya urembo ya dhahabu kwenye kola. Kila uchaguzi yeye ndiye mwenyekiti wa kituo, kwa kuwa kituo ni shule yake, na walimu wake ndio wajumbe wa tume. Burul alikuwa katibu. Kabla yake katibu alikuwa mama yake, miaka ishirini na miwili.

Februari tukaenda kupiga kura za wabunge. Tangu alfajiri spika kwenye uwanja wa shule zinapiga muziki, ndani mezani kuna samsa za moto, sambusa zetu za tanuri, na chai kwa bei ya chini, na wazee wamefika mapema, kwa ajili ya samsa zaidi kuliko kwa ajili ya wabunge. Saa moja asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, Raikan alipitisha fomu za matokeo.

Sasa nisikilizeni. Kwetu fomu za matokeo zinasainiwa asubuhi, zikiwa tupu. Wakati wa Muungano mgombea alikuwa mmoja na ushindi wake ulishaandikwa, kwa hiyo wajumbe walisaini wakinywa chai ili jioni mtu asicheleweshwe kurudi nyumbani. Muungano ukafa. Wagombea wakawa wawili, wakawa watano, wakawa saba. Tukabadilisha bendera, tukabadilisha wimbo wa taifa, tukabadilisha pesa, hata jina la mji tukabadilisha. Hii ya fomu hatukuigusa, kwa sababu hakuna aliyeiona kuwa ni kitu.

Burul akasaini. Mkono mmoja una kalamu, mwingine una samsa.

Na Melis je? Melis alikuwa amefundisha watu mia tatu jinsi ya kulilinda sanduku: wakae wapi, waangalie nini, wasiende chooni wakati gani. Hakuna siku aliyowauliza walimu wanasaini saa ngapi. Hata mwanamke wake mwenyewe hakumuuliza.

Kesho yake mchana simu ya Burul ikaita.

"Burul."

"Roho yangu, nimelala saa tatu tu, sema polepole."

"Saini yako inafanya nini hapa?"

"Hapa wapi?"

"Kwenye fomu ya kituo chenu. Bektur alikuwa mwangalizi wetu pale, alihesabu kwa macho yake mpaka wakamtoa nje eti kitambulisho chake hakina muhuri. Mgombea wetu alishinda kwa kura mia na kitu. Fomu inasema ameshindwa kwa mia tatu. Na chini kuna saini yako, na ule mkia wako mrefu kwenye herufi ya mwisho."

Burul akakaa kitandani. "Mimi nilihesabu makaratasi niliyopewa, nikamkabidhi Raikan-eje, nikaenda nyumbani. Fomu nilisaini asubuhi. Ilikuwa tupu."

"Tupu?"

"Tupu. Kila mtu anasaini asubuhi."

"Burul, mimi si mwanafunzi wako wa darasa la tano. Hakuna mtu mzima anayesaini karatasi tupu."

"Nakwambia kila mtu. Mama amesaini tupu miaka ishirini na miwili."

"Basi na mama yako ni mwizi."

Burul akainuka kitandani.

"Hilo neno lirudie," Burul alisema kwa sauti ya chini. "Mama yuko hapa jikoni, nimpe simu umwambie mwenyewe."

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha nini?"

"Nilimaanisha wewe, kati ya watu wote. Wewe."

Melis akakata simu. Jumapili ile mama yake Melis alikuwa aje kumvisha Burul hereni, na kwetu mwanamke akishavishwa hereni na mama wa kijana, ndiyo ameshachumbiwa. Batma alikaanga maandazi ya boorsok sinia mbili, akatoa vikombe vya wageni, akatandika kitambaa kipya. Hakuja mtu. Batma hakuondoa vikombe mpaka Jumatatu. Burul alilia, akaosha uso, akaenda kufundisha watoto mito ya Asia ya Kati, akarudi akalia tena.

Aliumia kwa jambo moja. Si kwamba Melis alikasirika, hata yeye alijikasirikia. Aliumia kwamba alisema ukweli, na mtu anayemwita roho yangu hakuuamini. Angempigia, angemwambia njoo, nikupeleke kwa walimu kumi wakwambie. Hakumpigia. Na Melis naye angeweza kumuuliza mwalimu mmoja tu, yeyote, mtaani kwao wapo wanne. Hakuuliza. Mmoja anasubiri kuaminiwa, mwingine anasubiri kuombwa radhi, na wote wawili wanaangalia simu. Ningekuwa na uwezo ningewafungia stoo mpaka waongee.

Machi serikali ikakimbia. Watu walijaa uwanja mkuu wa mji mchana wakidai kura zao, na kabla jua halijazama ikulu ilikuwa haina mwenyewe. Melis alikuwepo, miwani ikavunjika kioo kimoja, na kwa kweli siku ile alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena usoni kwake. Wiki moja baadaye alikuwa na tai. Mkuu mpya wa wilaya alimfanya msaidizi wake, akampa gari na dereva na meza yenye simu tatu. Shuleni, Raikan alishusha picha ya rais kabla ya chakula cha mchana, akauacha msumari ukutani. Matokeo ya Februari ya jimbo letu yakafutwa. Uchaguzi utarudiwa Juni.

Mwezi Mei, simu.

"Burul, usikate."

"Sijakata. Nasikiliza mheshimiwa anavyopumua."

"Usiniite mheshimiwa."

"Wenzangu wamekuona kwenye gari nyeusi. Wanasema hata shingo imebadilika."

"Ni tai. Inanikaba. Burul, nimekukumbuka mpaka nimechoka."

"Ulichoka lini?"

"Februari tarehe ishirini na nane, jioni."

Burul akafunga macho. "Na ukakaa kimya mpaka Mei."

"Nilikuwa mjinga. Njoo tunywe chai."

Wakakutana kwenye mkahawa wa bustanini, msimu ule ambao miti ya mipopla inamwaga pamba ya mbegu zake na mji mzima unapiga chafya. Burul alivaa gauni la maua ya bluu lenye mikono mifupi, nywele amezisuka msuko mmoja mzito hadi kiunoni. Melis alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Umependeza."

"Na wewe umekabwa kweli. Vua hiyo kitu."

Akaivua tai, akaitia mfukoni. Wakaagiza chai ya kijani na samsa za mafuta ya mkia wa kondoo. Wakawa wanaangaliana tu kama watu waliotoka hospitali.

"Roho yangu," Melis alisema, "nimekusamehe."

Burul akaweka bakuli la chai mezani. "Umenisamehe nini?"

"Ile ya Februari."

"Nilikwambia ilikuwa tupu."

"Najua ulisema."

"Unajua nilisema, au unaamini?"

"Tusirudi huko, Burul. Yamekwisha. Wale wameondoka, sasa ni sisi. Haitatokea tena."

Alitaka kumwambia kwamba hakuomba msamaha, aliomba kuaminiwa, na kwamba hivyo ni vitu viwili. Lakini Melis alikuwa amemshika mkono, kipande cha pamba kimetua kwenye nyusi yake, na yeye alikuwa anampenda. Akakipuliza kile kipande cha pamba. Mwisho wa mwezi mama yake Melis akaja na hereni za fedha zenye mawe mekundu, Batma akatandika kitambaa kilekile, na harusi ikapangwa Julai, uchaguzi ukishapita.

Siku ya kurudia uchaguzi muziki ulikuwa uleule, samsa zilezile, wazee walewale. Raikan alikuwa mwenyekiti, kwa kuwa mkuu mpya wa wilaya alimwona mama mwenye uzoefu. Saa moja kasorobo Melis aliingia, shati jeupe, tai, bahasha mkononi. Alimvuta Burul kwenye maabara ya kemia, akambusu shavuni, akaweka karatasi tatu juu ya meza.

"Saini haraka, jua langu, nina vituo vingine kumi na moja."

Burul akaangalia. Akageuza nyuma, akageuza mbele.

"Melis, hizi ni tupu."

"Ndiyo. Tutajaza jioni."

"Tupu," akarudia Burul, akimwangalia ili aone kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anaangalia saa.

"Umeme unakatika kila jioni, unajua mwenyewe. Mkubwa anataka fomu zote zikiwa tayari. Safari hii tutajaza ukweli."

"Basi nami nitasaini jioni, nikishauona."

"Burul, huniamini?"

"Unaniuliza mimi hivyo?"

"Nauliza. Tunafunga ndoa mwezi ujao. Kama huniamini mimi utamwamini nani?"

"Februari ulisema hakuna mtu mzima anayesaini karatasi tupu."

Melis aliacha kuangalia saa, na nilidhani sasa ameelewa, mtu mwenye akili zake na shahada mbili. Wapi. Uso ukamwiva.

"Ya wale ulisaini," alisema. "Yangu ndiyo husaini?"

Mkono wa Burul ukaenda sikioni, ukashika hereni. Melis akajua amesema nini lakini maneno yalishatoka. Mlango ukafunguliwa. Raikan aliingia anatafuna, akavuta kalamu, akasaini zote tatu bila kusoma, akampa Burul kalamu.

"Haya, malizia tufungue milango."

"Sisaini, eje. Nitasaini jioni zikiwa na namba."

"Unasemaje wewe?"

"Nitasaini jioni."

Raikan alimaliza kumeza kwanza. "Mama yako alikuwa na akili kuliko wewe. Ile fleti ni ya shule, sijui kama unakumbuka. Ukitoka kwenye kazi yangu, unatoka na kwenye nyumba yangu. Ijumaa nitataka funguo."

Burul akamwangalia Melis. Ilikuwa zamu yake kusema kitu, kitu chochote. Simu ya Melis ikaita.

"Ndiyo, mkubwa. Bado, mkubwa. Katibu bado." Akasikiliza. "Nimeelewa."

Akazikusanya karatasi, akazirudisha kwenye bahasha, akatoka bila kuangalia nyuma, Raikan akamfuata. Burul akabaki na wanafunzi wa mwaka jana ukutani kwenye picha ya darasa, akajiambia basi, imekwisha, na safari hii hata kosa sina. Alimpigia mama yake.

"Mama, sijasaini."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa tupu."

"Siku zote ni tupu, mwanangu. Wewe unataka iweje?"

"Ndiyo maana tumefika hapa, mama."

"Na nyumba?"

"Ijumaa."

"Raikan nilimfundisha mimi kuandika ubaoni," Batma alisema, akakata simu.

Burul aliendelea na kazi. Alikagua vitambulisho, akagawa karatasi za kura, akamwelekeza mzee mmoja mara tatu kwamba sanduku si pale penye samsa. Saa nane mchana akainua kichwa akamwona Melis kwenye foleni ya chai. Hana tai, hana bahasha, na gari nje halipo.

"Umekuja na karatasi nyingine?" akamwendea, akamuuliza.

"Nimekuja kwa miguu."

"Kutoka wapi?"

"Wilayani. Nimezirudisha zile fomu. Nimeambiwa niache funguo za ofisi mezani."

Melis alinunua chai mbili, akamsogezea moja.

"Nilipoingia kwenye gari asubuhi," alisema, "nilitaka kutafuta katibu mwingine. Nikafungua bahasha. Nikajikuta nimeshaanza kupanga namba kichwani. Huyu tumpe mia sita, yule tumwachie mia nne, ipendeze. Burul, hakuna aliyeniambia. Nilianza mwenyewe."

"Hata watu hawajapiga kura."

"Hata watu hawajapiga kura. Nisamehe ya asubuhi."

"Ya asubuhi nimekusamehe. Na ya Februari?"

Melis akakuna shingo. "Ile si ulisaini kweli?"

"Tupu."

"Tupu, lakini ulisaini."

"Lakini ulipoambiwa ni tupu ulisema mimi mwongo."

"Nilikuwa na hasira."

"Sijauliza ulikuwa na nini, nauliza uliamini nini."

Jamani watu hawa. Kazi amepoteza, nyumba inapotea, nchi inayumba, na wao wanabishana mbele ya sinia la samsa kuhusu Februari. Melis akasema Februari alikuwa na fomu mkononi na saini anaijua, angefanyaje. Burul akasema angefanya kumwuliza yeye, akabeba chai yake akarudi kwenye meza ya kazi.

Kura zilihesabiwa mbele ya kila aliyetaka kuona, karatasi moja moja, Burul akizisoma kwa sauti. Mgombea wa upande wa Melis alishindwa kwa kura kumi na tisa. Melis alikuwa amesimama ukutani na watazamaji wengine. Burul akaandika namba, akasaini chini yake, akabandika nakala kwenye mlango wa shule na nyingine akaitia kwenye mkoba. Raikan alisaini vilevile, na hakuonekana kujali hata kidogo, jambo ambalo lingetushtua kama tungekuwa na akili.

Ijumaa wakahama. Melis alikuwa na nyumba ya vyumba viwili kwa baba yake, mtaa mpya wa pembezoni ambako maji bado yanafuatwa kwa ndoo. Alisema Batma na binti wachukue chumba cha ndani pamoja na mama yake mwenyewe, yeye na mzee watalala sebuleni mpaka harusi. Batma hakushukuru, alisema tu kwamba kabati lake la vyombo lisikwaruzwe. Lifti ya jengo la akina Batma haijapanda tangu Muungano uvunjike. Kwa hiyo kabati, lililonunuliwa mwaka 1974, la mbao nzito na vioo, likateremshwa kwa ngazi, Melis chini, Burul juu, Batma ghorofa ya tano anatoa maagizo.

Walikuwa wamefika katikati ya ghorofa ya tatu na ya pili simu ya Melis ilipoita. Alilishikilia kabati kwa bega, akaibana simu kwa shavu.

"Bektur, niko kwenye ngazi, sema haraka."

Ngazi zilikuwa kimya, na Bektur ni mtu wa kupiga kelele. Burul alisikia kila neno.

"Wametangaza. Kituo chenu mtu wetu kashinda kwa mia nne. Nimeiona fomu pale wilayani, nimeishika. Melis, sijui nikwambieje. Ina saini ya mwanamke wako. Tena."

Nakala ya kweli ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa juu, ghorofa ya tano, chini ya magodoro. Burul alifungua mdomo aseme hivyo.

"Si yake," Melis alisema.

"Naijua saini yake, ndugu yangu. Ina ule mkia."

"Hata iwe na mikia mitatu. Si yake. Burul hakusaini hiyo."

"Wewe umeiona?"

"Sijaiona."

"Sasa umejuaje?"

"Kwa sababu yeye amesaini nyingine. Na ile ya Februari vilevile, Bektur, alisaini karatasi tupu wakaijaza wao, aliniambia siku ileile na mimi sikumsikia. Jumatatu tunakwenda mahakamani na nakala."

"Hawatawasikiliza. Hakimu ni shemeji wa mkubwa."

"Najua. Tunakwenda. Acha nikate, kabati linaniangukia."

Akakata. Upande wa juu kabati likashuka taratibu, likatua kwenye ngazi. Burul alikuwa amekaa kwenye ngazi, kitambaa cha kichwa kimeteleza, analia waziwazi bila kujificha uso.

"Umeumia? Limekubana wapi?"

"Halijanibana, mjinga wewe. Miezi minne nimesubiri useme hivyo."

"Hata mimi nimejisikia nikisema, ndipo nikajua naamini," Melis alisema, akiwa bado ameegemea kabati, hawezi kumfikia. "Nimechelewa sana?"

"Umechelewa. Sana."

"Bado unanitaka?"

"Nimehamishia kwako mama yangu na kabati lake. Unataka nisaini wapi tena?"

Kutoka juu Batma akauliza kwa nini vyombo vimesimama, kuna nini huko chini. Burul akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akaingiza vidole chini ya kabati, akamwambia Melis anyanyue upande wake, wakaendelea kushuka.